MAKALA: Shairi la pamoja darasani: Namna mwalimu anavyoweza kugeuza darasa zima kuwa malenga

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo Julai 7, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) mwezi Novemba 2021. Katika maadhimisho hayo, wanafunzi hupanda jukwaani na kughani mashairi na ngonjera mbele ya viongozi na wananchi. Watazamaji hupiga makofi, picha hupigwa, na shughuli huendelea.

Hata hivyo, swali moja ni nadra kuulizwa: shairi hilo limetungwa na nani? Mara nyingi mtunzi ni mwalimu mmoja aliyekesha akipanga vina, na wanafunzi wamepewa beti wazikariri. Mtoto anaondoka jukwaani akiwa ameyabeba maneno ya mtu mwingine. Anajua kughani lakini hajui kutunga, na anapokutana na swali la utungaji katika chumba cha mtihani huliruka na kutafuta jingine.

Makala haya yanaeleza njia inayoweza kupunguza tatizo hilo, nayo ni utungaji wa shairi la pamoja darasani. Njia hii haihitaji vifaa vya gharama wala chumba maalumu. Inahitaji ubao, daftari, kalamu, vipindi viwili vya somo la Kiswahili, na mwalimu aliye tayari kuwaachia wanafunzi kazi ya kutunga.

Shairi la pamoja ni nini?

Shairi la pamoja ni utungo mmoja unaotungwa na watu wengi kwa utaratibu waliokubaliana. Kila mshiriki huchangia neno, mshororo au ubeti, kisha wote kwa pamoja huusoma utungo, huusahihisha na kuupa jina. Halitungwi kwa kumteua mwanafunzi hodari aandike kwa niaba ya wenzake. Wala si lile linalopatikana kwa kuunganisha mashairi mafupi ya wanafunzi mbalimbali kwa gundi na mkasi. Sifa yake kuu ni kwamba, likikamilika, hakuna anayeweza kusema ni lake peke yake, wala hakuna anayeweza kusema hakushiriki.

Katika jamii za Waswahili, ushirika wa namna hii una mizizi mirefu. Washairi wa mwambao walijibizana kwa mashairi. Mmoja alitoa fumbo na mwingine akalifumbua kwa vina vilevile. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, anakumbukwa pamoja na mambo mengine kwa tungo za namna hiyo. Baadaye magazeti yalichukua nafasi ya baraza. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, washairi wa sehemu mbalimbali waliulizana na kujibizana bila kuonana ana kwa ana.

Takhmisa nayo, kwa asili yake, ni kazi ya mikono miwili. Mshairi huchukua utungo wa mwenzake wenye mishororo miwili miwili, akaongeza mishororo mitatu katika kila ubeti hadi ikatimia mitano. Sauti ya mtunzi wa kwanza na ya wa pili husikika katika ubeti mmoja.

Kwa upande wa Tanzania, mfano ulio karibu zaidi na shule ni ngonjera. Mwaka 1968 Rais wa Kwanza wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, aliwataka washairi kutumia sanaa yao kulifikisha Azimio la Arusha kwa wananchi. Mathias Mnyampala, mmoja wa viongozi wa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania (UKUTA), aliitikia wito huo kwa kuendeleza ngonjera, yaani ushairi wa kujibizana ambamo pande mbili huanza kwa kutofautiana na kumalizia kwa kuafikiana. Kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, baada ya kifo chake, na ngonjera zikaingia shuleni na kubaki huko hadi leo.

Kinachopendekezwa hapa, kwa hiyo, si jambo geni. Ni kurudisha darasani ile sehemu ya ngonjera iliyopotea njiani, ambayo ni kutunga, badala ya kubaki na sehemu ya kughani peke yake.

Uzoefu kutoka nje

Njia hii imejaribiwa pia katika nchi nyingine. Mwaka 1968 mshairi wa Marekani Kenneth Koch alianza kuwafundisha utungaji watoto wa shule ya msingi ya umma P.S. 61 jijini New York. Alianza na shairi la darasa zima. Kila mtoto aliandika mstari mmoja unaoanza na maneno ya kutamani, wenye ndani yake rangi, mhusika wa katuni na jina la mji au nchi. Mistari ikakusanywa, ikasomwa kwa sauti kama shairi moja, na watoto waliodhani hawawezi wakaomba kuendelea. Koch alieleza kazi hiyo katika kitabu chake Wishes, Lies, and Dreams kilichochapishwa mwaka 1970, ambacho walimu wa nchi nyingi wamejifunza kwacho.

Funzo lake ni dogo lakini lina uzito. Mwanafunzi akiambiwa "tunga shairi", huogopa kwa sababu hajui pa kuanzia. Akiambiwa "andika mstari mmoja unaoanza na neno hili", anakuwa na pa kuanzia, na kosa lake, kama lipo, ni la mstari mmoja tu. Ukubwa wa kazi umegawanywa, na hofu imegawanywa pamoja nao.

Kwa nini sasa?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoboreshwa ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, inasisitiza ujenzi wa umahiri. Mwanafunzi anatarajiwa aoneshe anachoweza kufanya, pamoja na kueleza anachokijua. Ubunifu, fikra tunduizi, mawasiliano na ushirikiano ni miongoni mwa stadi zinazotajwa mara kwa mara katika mageuzi hayo. Shairi la pamoja linazigusa zote nne katika kipindi kimoja, kwa kuwa mwanafunzi hubuni mstari, hupima mstari wa mwenzake, hutetea chaguo lake kwa hoja, na hukubali kushindwa kwa hoja.

Vilevile, Serikali kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ilianzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023 katika nyanja za riwaya na ushairi. Tuzo huwapata waliokwisha kukomaa. Waandishi wa miaka ijayo wako madarasani leo, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba wanaweza kutunga.

Hatua kwa hatua: vipindi viwili, darasa la wanafunzi 60

Tuchukue darasa la wanafunzi 60, hali iliyo ya kawaida katika shule nyingi, na vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40 kila kimoja. Mwalimu anaweza kupanga kazi kama ifuatavyo.

Kwanza, kuchagua jambo (dakika 10). Jambo liwe linaloonekana kwa macho na linalojulikana na wote. "Amani", "maendeleo" na "upendo" ni maneno mazuri, lakini mwanafunzi akipewa hayo huandika alichowahi kukisikia kwenye hotuba. Akipewa "njia ya kuja shule", "kisima cha kijiji", "siku ya mvua" au "soko la jioni", huandika alichokiona mwenyewe. Amani na maendeleo yatajitokeza yenyewe ndani ya kisima na njia.

Pili, kukusanya maneno (dakika 10). Wanafunzi wanataja kila wanachokiona, kukisikia, kukinusa na kukigusa kuhusu jambo hilo. Mwalimu anaandika ubaoni bila kuhukumu. Mwanafunzi akilijua jina la kitu kwa lugha ya nyumbani tu, liandikwe. Darasa litatafuta neno la Kiswahili katika kamusi, na pengine wakiona neno la nyumbani linafaa zaidi watalibakiza. Maneno 40 au 50 ubaoni ni akiba ya kutosha.

Tatu, kugawana kazi (dakika 5). Darasa linagawanywa katika makundi 10 ya wanafunzi sita sita. Ili wawili wenye sauti kubwa wasiwafunike wengine, kila mmoja apewe jukumu: katibu wa kuandika, mpimaji wa mizani, mlinzi wa vina, mtafutaji wa maneno kutoka ubaoni, msomaji wa kundi, na msimamizi wa zamu anayehakikisha kila mjumbe ametoa mstari kabla ya yeyote kutoa wa pili.

Nne, kutunga (dakika 25). Kila kundi linatunga ubeti mmoja. Kanuni moja itangazwe mapema na isimamiwe: anayekataa mstari wa mwenzake alete mwingine. Kanuni hii humaliza kicheko cha dharau na kufundisha kwamba ukosoaji ni kazi.

Tano, kuunganisha na kusahihisha (dakika 20). Beti 10 zinasomwa kwa sauti, zinapangwa kwa mtiririko, na mistari dhaifu inarekebishwa na darasa zima.

Sita, kughani na kutafakari (dakika 10). Shairi linasomwa lote, kila msomaji na ubeti wa kundi lake, kisha kila mwanafunzi anaandika sentensi mbili katika daftari lake: mstari upi umebadilishwa, na kwa nini.

Mfano: kutoka maneno ya kawaida hadi tarbia

Ili msomaji aone kazi inavyokwenda, tuchukue jambo la "siku ya mvua" na umbo la tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya makala haya.

Tuseme mwanafunzi wa kwanza anasema: "Mvua inakuja milimani." Mpimaji anapiga makofi: m-vu-a i-na-ku-ja mi-li-ma-ni. Mizani 11, imezidi kwa tatu. Kundi linajaribu "mvua yaja milimani", bado ni tisa. Ndipo mmoja anauliza: kabla mvua haijafika, mlimani kunaonekana nini? Wingu. "Wingu laja milimani": mizani nane. Upungufu wa nafasi umewalazimisha kutazama vizuri zaidi, na msomaji ameachiwa kazi ya kuitambua mvua kwa kuliona wingu.

Mwanafunzi wa pili anasema: "Wakulima wako shambani." Ni mizani tisa. Neno "wako" halina kazi kubwa. Linaondolewa, na "shambani" linakuwa "mashambani". Wa tatu anasema: "Wanafunzi wako darasani wanaandika." Kundi linaona mstari huo unawatazama wanafunzi kwa mbali, ilhali watunzi ni wanafunzi wenyewe. Unageuzwa uwe wa "sisi". Kwa mshororo wa mwisho, mjumbe mmoja anayeishi karibu na mto anakumbusha kwamba mvua si neema tu. Kwa vina vya "ni" na "ka", ubeti unakamilika hivi:

*Wingu laja milimani, radi nazo zasikika,*
*Wakulima mashambani, majembe wameyashika,*
*Nasi tupo darasani, kalamu zinaandika,*
*Wingu njoo kwa amani, mito isije furika.*

Ubeti huu si wa malenga mkongwe. Lakini umetimiza arudhi, una picha tatu zinazofuatana, na mshororo wake wa nne una ombi la kweli linalowahusu watu wanaoishi bondeni. Mshororo huo unafaa pia kuwa kibwagizo; makundi mengine yakiutumia kufungia beti zao, shairi lote litafungwa kwa kamba moja.

Katika kupima mizani, makosa mengi hutokea kwenye sauti za "m" na "n". Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba "mtu" ina mizani mbili na "mvua" ina tatu, kwa sababu "m" hutamkwa kama silabi inayojitegemea. Lakini "mbuzi" ina mbili, kwa kuwa "mbu" hapo ni silabi moja. Mdudu "mbu", kwa upande wake, naye ana mizani mbili: m-bu. Wanafunzi wakilipiga makofi jambo hili mara mbili tatu hawalisahau tena.

Kutumia utenzi kama kamba

Kwa darasa kubwa, umbo la utenzi lina faida ya pekee. Ubeti wa utenzi una mishororo minne yenye mizani nane kila mmoja. Mishororo mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, ambacho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, na mshororo wa nne una kina kinachorudi utenzi mzima. Kina hicho cha mwisho hufanya kazi ya msumari unaoshikilia beti zote.

Darasa likikubaliana kwamba kina cha kudumu ni "wa", kwa mfano, kila kundi lina uhuru wa kuchagua vina vyake vya ndani na wajibu mmoja wa kumalizia kwa "wa". Uhuru na wajibu vimekaa pamoja. Vilevile, kwa kuwa utenzi husimulia, darasa linaweza kugawana kisa: kundi la kwanza lianze na alfajiri, la pili na safari, la tatu na kuwasili, hadi kundi la kumi litakalofunga kisa.

Vipi kuhusu mashairi yasiyo na vina?

Mjadala wa vina na mizani si mgeni nchini. Sheikh Amri Abedi alizieleza kanuni za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi alichapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974, akaonesha kwamba ushairi wa Kiswahili unaweza kusimama bila vina vya jadi. Malumbano yaliyofuata kati ya wanajadi na wanausasa yalikuwa makali, na leo shule hufundisha aina zote mbili.

Darasani, chaguo litokane na lengo la somo. Kama lengo ni muundo, tarbia na utenzi ndivyo vyombo. Kama lengo ni kuwafanya wanafunzi waseme kwa mara ya kwanza, shairi huru la orodha lina manufaa zaidi, kwa kuwa kinachounganisha mistari ni neno la kuanzia tu. Ufuatao ni mfano mwingine uliotungwa kwa ajili ya makala haya, ambapo kila mstari ni wa mwanafunzi tofauti:

*Njiani nilimpita mama muuza vitumbua, moshi wake ukanifuata hadi getini.*
*Njiani nilivua viatu visilowe, nikavivaa mlangoni mwa darasa.*
*Njiani makonda watatu walinikataa, wa nne akanihurumia.*
*Njiani nilihesabu nguzo za umeme, kwetu hazifiki.*
*Njiani sikupita leo, nililala bwenini.*
*Njiani mdogo wangu aliniuliza kwa nini yeye haji shule.*

Mistari hii haina vina, lakini ina mpangilio. Tazama nafasi ya mstari wa mwisho. Ukiwekwa mwanzoni, yanayofuata yatauzima. Ukiwekwa mwishoni, unabaki masikioni. Mwalimu akiwauliza wanafunzi kwa nini wameupanga hapo, amewafundisha muwala bila kulitaja neno lenyewe.

Mstari unapofichua jambo zito

Mfano huo unatufikisha kwenye jambo ambalo mwalimu anapaswa kulitarajia. Shairi la pamoja humpa mtoto mahali pa kusema bila kuonekana, kwa kuwa mstari wake umekaa katikati ya mistari ya wenzake na hauna jina. Mtoto asiyewahi kunyoosha mkono anaweza kuandika kwamba hajala tangu jana, kwamba anaogopa kurudi nyumbani, au kwamba mdogo wake haendi shule.

Mwalimu asiusome mstari huo mbele ya darasa na kumtaka aliyeuandika ajitokeze. Asiufute pia kwa kuona aibu, maana mtoto ataelewa kwamba alichosema hakifai kusemwa. Utaratibu unaofaa ni kukusanya karatasi kabla ya kusoma kwa sauti, kuzipitia, na mstari wenye dalili ya madhara kwa mtoto kuufikisha kwa mwalimu anayesimamia ushauri na unasihi shuleni, ili hatua zichukuliwe kwa faragha. Kuuingiza katika shairi au kutouingiza kuamuliwe na mtoto mwenyewe baada ya mazungumzo hayo.

Kwa upande mwingine, si kila mstari wa huzuni ni taarifa. Mshairi hubuni. Mwalimu aulize kwa upole kabla ya kuhukumu.

Changamoto na namna ya kuzikabili

Changamoto ya kwanza ni alama. Mtihani wa taifa humpima mwanafunzi mmoja mmoja, hivyo baadhi ya walimu na wazazi huona kazi ya kundi ni kupoteza muda. Ukweli ni kwamba shairi la pamoja ni ngazi. Baada ya kutunga ubeti mmoja na wenzake watano, mwanafunzi apewe kazi ya kutunga ubeti mwingine wa shairi hilohilo akiwa peke yake nyumbani, kwa vina vilevile. Ubeti huo wa pili ndio wa kuwekewa alama. Zile sentensi mbili za tafakuri nazo zinamwonesha mwalimu nani ameelewa na nani amefuata mkumbo.

Changamoto ya pili ni mwalimu mwenyewe kutamani kusahihisha kila kitu. Anayebadilisha mistari yote iwe mizuri atapata shairi zuri la mwalimu. Ni afadhali aoneshe kosa na kusubiri. "Mshororo wa tatu una mizani tisa" ni msaada. "Badala yake andikeni hivi" ni kuwanyang'anya kazi.

Changamoto ya tatu ni vina vya kulazimisha. Wanafunzi wakitafuta kina hukubali neno lolote linaloishia vizuri, hata kama halina maana mahali hapo. Dawa yake ni kuandaa ubaoni orodha ya maneno yenye kina kilichochaguliwa kabla ya kuanza kutunga, na kuchagua vina vyenye maneno mengi. Viambishi vya mahali kama "ni", na vitenzi vinavyoishia na "ka" au "wa", huwapa watunzi wachanga uwanja mpana.

Changamoto ya nne ni ujumuishi. Kwa kuwa kazi kubwa hufanyika kwa sauti na makofi, wanafunzi wasioona hushiriki kikamilifu, na majukumu ya mpimaji na mlinzi wa vina yanawafaa sana. Kwa wanafunzi viziwi, mizani ya makofi inaweza kugeuzwa kuwa mapigo ya mkono juu ya meza yanayoonekana na kuguswa, na shairi likawasilishwa kwa Lugha ya Alama pamoja na maandishi.

Shairi ni mali ya nani?

Shairi likipendeza, shule hutaka kulichapisha, kulibandika kwenye mbao za matangazo au kulirusha mitandaoni. Hapo linaibuka suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi za fasihi mara zinapotungwa, na hutambua kwamba kazi moja inaweza kuwa na watunzi zaidi ya mmoja. Mwanafunzi kuwa mtoto hakumwondolei haki ya kuwa mtunzi. Shairi la pamoja, kwa hiyo, ni la wote waliolitunga, na halifai kutolewa kwa jina la mwalimu, la mwanafunzi mmoja, au la mgeni rasmi aliyelisomewa.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahitaji uangalifu katika kukusanya na kusambaza taarifa za watu, na taarifa za watoto zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kabla ya majina kamili, picha au video za wanafunzi kuwekwa hadharani, shule ipate ridhaa ya wazazi au walezi. Pale ridhaa isipopatikana kwa wote, inatosha kuandika kidato, mwaka na idadi ya watunzi.

Kwa matumizi ya ndani ya shule, njia rahisi ni daftari moja kubwa la mashairi ya darasa, linalohifadhiwa maktaba au ofisi ya idara ya Kiswahili. Kila darasa likiandika mashairi mawili kwa mwaka, shule itakuwa na diwani yake baada ya miaka michache, na wanafunzi wapya watasoma waliyotunga kaka na dada zao.

Nafasi ya mzazi na jamii

Mzazi anaweza kusaidia bila kuwa mshairi. Mtoto akirudi nyumbani na kuuliza jina la zamani la kisima, methali aliyokuwa akiisema bibi, au kilichotokea mto ulipofurika, aelewe kwamba anakusanya malighafi, na ampe muda. Wazee wanaojua kughani wanaweza kualikwa shuleni waoneshe mahadhi mbalimbali, kwa kuwa shairi lililoandikwa bila kusikika masikioni limefika nusu ya safari.

Kamati zinazoandaa maadhimisho ya kitaifa na ya kimkoa nazo zina nafasi yao. Zikiomba shule zilete mashairi, ziombe yaliyotungwa na wanafunzi, na ziwape muda wa kutosha wa kutunga, walau wiki mbili. Ombi linalofika siku mbili kabla ya sherehe halimwachii mwalimu njia nyingine isipokuwa kukaa usiku na kutunga peke yake.

Mwanafunzi aliyeghani beti za mwalimu husahau nyingi kati ya hizo muhula unapokwisha. Aliyebishana na wenzake watano kuhusu neno moja, akalipima kwa makofi, akalitetea, kisha akakubali kuliacha kwa sababu la mwenzake lilifaa zaidi, amejifunza lugha na amejifunza kuishi na watu. Maandalizi ya Julai 7 ijayo yanaweza kuanza katika kipindi cha Kiswahili cha wiki hii, kwa jambo moja ubaoni na mstari mmoja kutoka kwa kila mwanafunzi.